Siku ya Utando

Siku ya utando mlango haufunguliwi. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisahau mara mbili. Chumba chetu kiko chini ya ardhi, chini kabisa ya jengo la taasisi, ili ngurumo za magari ya kuzoa theluji zisikifikie. Hakina dirisha. Kina mlango mmoja mzito uliozungushiwa raba, na katikati, juu ya meza ya jiwe, kuna beseni refu kama kitanda cha mtoto mchanga. Maji yaliyomo ni matulivu kuliko maji yote niliyowahi kuyaona. Ukifungua mlango, hewa ya ukumbini inaingia, na yale maji yanakunja uso kama mtu aliyetukanwa.

Mimi naitwa Ustinya. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa maabara, maana yake muosha chupa, na jioni nilikuwa mwanafunzi. Masomo yangu ya jioni yangekwisha mwaka mmoja kabla, ila Agnia akazaliwa, nikapewa ruhusa ya kukaa nyumbani, na ruhusa ile haitolewi tena. Ijumaa ya juma lile nilitakiwa kusimama mbele ya jopo nitetee kazi yangu ya diploma. Nisiposimama, jina langu linafutwa, basi. Mama mkwe, Klavdia Yegorovna, aliyekuja kunisaidia kulea, alikwisha kupanga yatakayofuata: "Wakikufuta, unafunga mizigo, tunarudi Suzun sote watatu mpaka mumeo Zahar atoke huko kwenye visima vyake vya gesi." Suzun, kwao mashambani, ni pazuri sana kwa mtu anayependa kuku.

Nami cha kutetea sikuwa nacho.

Kazi yenyewe inasemeka kwa maneno machache. Unachukua mafuta fulani meupe, unayayeyusha kwenye klorofomu, unayadondosha juu ya maji tone baada ya tone. Klorofomu inaruka na hewa, mafuta yanabaki yametandaa, utando wenye unene wa molekuli moja tu. Unausukuma utando kwa kizuizi, pole pole, mpaka molekuli zisimame bega kwa bega kama watu kwenye foleni ya mkate. Hapo mota inazamisha kipande chembamba cha kwatzi, jiwe angavu kama kioo, na kukipandisha, na kila kikipita kinajivika tabaka moja. Maji yana chumvi ya kadmiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo kadmiamu nayo inashikwa humo, kati ya tabaka na tabaka. Mwisho unakipeleka kipande kwenye gesi inayonuka mayai viza. Gesi inapenya ndani, inaungana na kadmiamu, na zinazaliwa nukta: punje za nusukipitishi, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, ndogo kuliko kitu chochote unachoweza kukifikiria ukiwa umeshiba.

Bosi wetu, Avgust Lvovich, alinieleza nukta hizo siku ya kwanza nilipoacha kuosha chupa nikaanza kuuliza maswali. "Elektroni ukiiweka kwenye ukumbi mkubwa, Ustinya, inalala," alisema. "Ukiifungia kijumba kidogo, inagonga ukuta huku, inagonga ukuta kule. Haina pa kwenda, basi nguvu yake inapanda. Kadiri unavyoibana ndivyo inavyopanda. Sisi hatutaki kingine, tunataka vijumba vyote vilingane."

Vikilingana, mashine ya kupima nuru inayopita kwenye kipande inachora ngazi kwenye karatasi. Visipolingana inachora mteremko tu, kama kilima cha barafu cha watoto kuteleza. Mimi tangu Desemba nilikuwa nachora vilima.

"Juu ya maji yako kuna mgeni," Avgust Lvovich aliniambia, akiitazama sindano ya kipimo cha mkazo wa utando inavyopanda kabla ya wakati wake. "Mafuta mengine. Mimi kwenye beseni hili nimealika mafuta ya aina moja. Haya mengine yameingia bila kadi."

Akaanza kumtafuta huyo mgeni asiyealikwa. Alibadilisha klorofomu. Alichemsha maji mara mbili zaidi. Kisha akamgeukia Rimma Savelyevna, fundi wetu mkongwe, aliyekuwa akinipimia ile chumvi na kuiyeyusha mwenyewe ili mimi ninayenyonyesha nisiiguse, na gesi pia alikuwa akiishughulikia yeye.

"Rimma Savelyevna, una marashi?"

"Mimi? Tangu vuli sijapaka hata rangi ya mdomo! Mume wangu ameanza kuniuliza kama naumwa."

"Na samaki wa moshi?"

"Nimemla Jumapili."

"Harufu yake inakaa kwenye pumzi."

"Basi nizikeni kabisa, mjue moja."

Sisi watu wa utando tunaishi hivyo. Hatupaki krimu mikononi, na baridi ya Siberia inatupasua vidole kama magome. Nywele tunaosha kwa sabuni kavu. Mimi midomo ilikuwa inatoka damu nikicheka, lakini hata mafuta ya kupaka midomo nilikuwa nimeyatupa. Hakuna aliyenishuku, nami sikujishuku.

Jumatano ilikuwa siku yangu ya mwisho. Kesho yake beseni lilikuwa linakwenda kwa kundi jingine, wenye foleni yao na hasira zao. Asubuhi niliamka nikamkuta mama mkwe amekwisha kumfunga Agnia kama kabichi: shuka, sweta, manyoya, shali ya sufi juu ya yote. Ilibaki sura tu, duara la uso linalong'aa na jino moja. Alikuwa anampeleka kwenye roshani akalale usingizi wake wa asubuhi barafuni, kama watoto wote wa bweni letu.

"Njoo umuage mwanao," akasema. "Usimbusu kwa haraka kama mtu anayegonga muhuri."

Nikamkumbatia, nikambana shavu kwa shavu, nikamnusa. Akanishika pua.

"Chupa ya maziwa iko dirishani," nikasema. "Mama, akikataa mpe kwa kijiko."

"Atakataa. Jino la pili linamsumbua. Wewe utarudi saa ngapi?"

"Utando ukikubali, mchana."

"Na usipokubali?"

Nikaanza kufunga viatu.

"Na usipokubali," akajijibu mwenyewe, "kuku hawajakimbia."

Aliyasema bila ubaya. Hapo ndipo nilipokuwa nabanwa: hakuna aliyekuwa mbaya. Zahar hakuwa mbaya, alikuwa mbali. Mama mkwe hakuwa mbaya, alikuwa anasubiri. Wote walinipenda, na kila mmoja alinipenda kwa kunisogezea ukuta kidogo.

Nikashuka chini ya ardhi. Nikanawa, nikavaa koti, kofia, glovu. Rimma akanifungia mlango kwa nje, akagonga mara moja kuniambia raba imeshika. Avgust Lvovich alikuwa akifuatilia kutoka ukumbini, kwenye kioo kidogo kilichounganishwa na kipimo, na tulisemezana kwa kupiga kelele tukiwa na mlango katikati yetu kama wapenzi waliogombana.

Nikadondosha. Nikasubiri. Nikasukuma kizuizi. Sindano ikapanda mapema.

"Mgeni amefika," akasema Avgust Lvovich kule nje. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikakaa kwenye stuli. Unywele ulikuwa umetoka chini ya kofia ukaniingia jichoni, nikausukuma kwa kidole chenye glovu, kama nilivyokuwa nausukuma kila siku. Kisha nikaupeleka mkono uleule kwenye kibano cha kushikia kipande. Katikati ya njia nikasikia harufu. Harufu ya nyumbani, nzito kidogo, ya jiko. Nikaileta glovu puani.

Bata bukini.

Nikajigusa shavu. Lilikuwa linateleza.

Kwetu, nani asiyejua? Mtoto hatolewi nje kwenye baridi ile kabla ya kupakwa mafuta ya bata bukini mashavuni, la sivyo ngozi inaungua kwa barafu. Mama mkwe alikuja na mtungi wake kutoka Suzun mwanzoni mwa Desemba. Kila asubuhi alimpaka Agnia, na kila asubuhi mimi, niliyekuwa nimetupa hata krimu ya midomo, nilibana shavu langu kwenye yale mafuta, nikashuka nayo hadi kwenye maji. Molekuli moja inatosha kutandaa. Mimi nilileta karamu nzima.

"Avgust Lvovich!" nikapiga kelele. "Ni bata!"

"Nani?"

"Bata bukini! Yuko shavuni kwangu! Mtoto anapakwa, mimi nambusu!"

Kisha nikamsikia Rimma akicheka mpaka akakohoa. "Nami nimenyimwa samaki wangu miezi miwili kwa ajili ya bata wa Klavdia Yegorovna!"

"Rimma Savelyevna, nyamaza," akasema bosi, lakini sauti yake ilikuwa imepata miguu. "Ustinya, nawa uso kwa spiriti. Shingo, masikio, kila mahali. Glovu mpya. Mwaga maji, osha beseni, anza upya. Mlango tusiufungue, chumba kimeshatulia. Maji ya akiba unayo?"

"Ninayo."

"Mafuta yetu?"

Nikaangalia kichupa. "Ya kutandaza mara mbili. Labda."

"Yanatosha. Nenda."

Spiriti kwenye midomo iliyopasuka, hayo usiniulize. Niliosha kila kitu mara mbili, nikajaza maji mapya, nikasubiri yasahau kwamba yamemiminwa. Nikadondosha. Safari hii sindano ilikaa chini, ikakaa, ikakaa, nami nikasukuma kizuizi mpaka nikaogopa kwamba imekufa. Kisha ikapanda, moja kwa moja, kama mtu anayeinuka kitini akijua anakokwenda.

Kule nje walikuwa wanaogopa kupumua upande wangu.

Nikawasha mota. Kipande cha kwatzi kikaanza kuzama taratibu, kwa mwendo wa mshale wa saa unaokaribia kuonekana. Tulikuwa tumepanga matabaka arobaini. Pungufu ya hapo, Avgust Lvovich alikuwa amesema, mashine yetu kuukuu haioni kitu zaidi ya mtetemo wa kalamu yake yenyewe. Kifaa cha kurekebisha kizuizi kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo kila utando ulipolegea ilinibidi nisogee, nizungushe kitasa kidogo, nirudi nyuma. Nikawa hivyo, nikisogea na kurudi. Tabaka la kwanza, la pili, la tano. Niliyahesabu kwa kunong'ona. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikimwandikia Zahar barua kichwani.

Kwenye tabaka la kumi na kitu nikasikia sauti ya mama mkwe ukumbini.

"Yuko wapi? Yuko humu? Mlinzi wenu kule juu alitaka kitambulisho, nikampa mtoto amshike, akaniachia nipite. Fungua hapa!"

"Klavdia Yegorovna, haiwezekani," nikamsikia Rimma.

"Haiwezekani nini? Mtoto hajala tangu asubuhi. Chupa kaitema, kijiko kakipiga teke. Ufizi umevimba kama njegere. Anamtaka mama yake, si kaburi la mama yake. Ustinya! Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Hapo Agnia naye akanisikia.

Kilio cha mtoto wako hakiingii kwa masikio. Kinaingia kwingine. Kabla sijajua ninachofikiri, maziwa yalikuwa yamekwisha kushuka. Nikayasikia yakichoma, yakitoka, yakilowesha nguo ya ndani, kisha blauzi, kisha nikaona doa likijitokeza kwenye koti jeupe, na la pili pembeni yake.

Nikaruka nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Maana maziwa ni mafuta. Tone moja tu lingedondoka kwenye lile beseni, na kila tabaka lililofuata lingejivika uchafu juu ya usafi, na kipande chote kingekwisha kazi. Mlangoni siwezi kwenda. Kwenye beseni siwezi kwenda. Nilibaki na kipande cha sakafu cha kutosha viatu vyangu, huku mikono nimeikunja kifuani, nikijibana kwa nguvu kama walivyotufundisha hospitali ya uzazi, mpaka machozi yakanitoka.

"Ustinya, utando unalegea," akaita Avgust Lvovich. "Kitasa."

"Siwezi kusogea."

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini, mzee wa watu? Rimma akanisaidia. "Maziwa yameshuka, Avgust Lvovich. Wewe umewahi kunyonyesha? Basi nyamaza kidogo."

"Mafuta..." akasema. Alikuwa ameelewa. "Mungu wangu. Asilimia nne."

"Fungua huo mlango, binti," akasema mama mkwe. "Mnazungumza asilimia, mtoto anageuka rangi. Kuna nini humo ndani cha kumshinda mtoto? Sahani ya maji!"

"Nikifungua ndiyo mwisho, mama. Siku nyingine sina."

"Mwisho wa nini?"

Sikuwa na pumzi ya kumweleza. Mshika mawili moja humponyoka, hilo nalijua tangu utotoni, lakini hakuna aliyeniambia mtu afanye nini ikiwa mawili yenyewe ndiyo yanayomshika. Nikausogelea kitasa kwa ubavu, mkono mmoja umejibana kifuani, mwingine nimeunyoosha kadiri mfupa unavyofika. Nikazungusha kwa ncha za vidole. Sindano ikarudi mahali pake. Nikajirudisha ukutani.

Nje nilimsikia Rimma akiongea kwa sauti ya chini, ile anayotumia kuwaeleza wanafunzi wageni. Anamwambia Ijumaa ni nini. Anamwambia jina kufutwa ni nini. Agnia alilia juu ya maneno yake yote, kilio kirefu chenye pumzi iliyokatika mwishoni.

Kisha mama mkwe akaja karibu kabisa na mlango. Nilijua kwa sababu sauti yake ilitokea chini, kwenye raba, kama amechuchumaa.

"Ustinya."

"Naam, mama."

"Usifungue."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mimi nilifungua," akasema. "Niliitwa kozi ya ukunga Novosibirsk. Nilikuwa mle ukumbini kwenye mtihani wa kuingia, na mama yangu akaja na Zahar mlangoni, analia hivihivi. Nikaacha karatasi, nikatoka. Siyo kwamba najuta, aliponyonya alilala. Lakini mpaka leo nawasaidia ng'ombe kuzaa." Akavuta pumzi. "Huyu hafi kwa saa moja. Nimelea sita. Nimempa kidole changu, anakitafuna kama mbwa. Kaa huko ufanye kazi yako, na usinililie huko ndani, nakusikia."

"Sikulilii."

"Unalia. Pangusa pua. Au pua nayo ina mafuta?"

"Pua haina," akasema Avgust Lvovich kwa uangalifu mkubwa, na Rimma akapasuka tena kwa kicheko.

Basi nikafanya kazi. Sogea kwa ubavu, zungusha, rudi. Agnia alinyamaza, akaanza, akanyamaza. Mama mkwe alimwimbia kitu cha Suzun kuhusu paka wa kijivu, akikosea maneno kila mara pale pale. Kipande kilizama, kikapanda. Koti langu lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Kumi na nane. Ishirini.

Kwenye ishirini na mbili kizuizi kilikuwa kimefika karibu na mwisho wa beseni. Utando ulikuwa umekwisha, wote umepanda kwenye kipande. Ili niendelee ilinibidi nitandaze upya: nisimame juu ya maji, niiname, nidondoshe tone baada ya tone kwa mkono usiotetemeka, dakika nyingi, na kifua changu kikiwa juu ya beseni kama wingu la mvua.

"Avgust Lvovich," nikasema. "Nimefika ishirini na mbili. Utando umekwisha."

"Tandaza. Kichupani yamo."

"Nikiinama nitachafua."

"Ishirini na mbili hayaonekani, Ustinya. Nusu na kitu tu ya tuliyopanga."

"Lakini ni masafi?"

"Kwa sindano hii? Sijaona masafi kama haya."

"Nikiongeza na nikachafua, tunayapoteza yote."

"Ndiyo."

"Na nikiacha, labda hatuoni kitu."

"Ndiyo," akasema tena. "Mimi siwezi kukuamulia. Kazi ni yako, jina ni lako."

Nikakitazama kile kipande. Kilikuwa kimepanda, kinang'aa, kikavu upande mmoja na mwingine. Mtu angeniuliza, ningesema kimevaa hewa tu. Nilifikiri juu ya kumi na nane yaliyobaki, jinsi ninavyoyataka, na jinsi ningeinama nikijidanganya kwamba tone halitadondoka. Nikajua ninajidanganya. Mwili wangu siku ile haukuwa wa kuahidi.

Nikaunyoosha mkono nikazima mota. Nikakichomoa kipande kwa kibano, nikakitia kwenye sanduku lake, nikafunga kifuniko.

"Fungueni," nikasema.

Maji yakakunja uso. Sikuyatazama. Rimma alichukua sanduku, akaniambia, "Vua, nawa, kisha ndiyo umshike, kadmiamu si mchezo," nami nikavua, nikanawa mpaka viwiko, kifua, shingo, huku Agnia akininyooshea mikono kutoka ndani ya shali akiniona na kulia kwa hasira mpya, kama mtu aliyempata mdaiwa wake. Mama mkwe akanitupia blauzi yake mwenyewe kavu. Nikakaa kwenye kiti cha ukumbini. Agnia aliposhika ziwa alitetemeka mwili mzima, akaniuma kwa lile jino moja, akatulia.

Rimma alikipeleka kipande kwenye kabati la gesi. Harufu ya mayai viza ilitufikia licha ya mabomba yote.

"Ndicho chakula chenu hiki?" akauliza mama mkwe.

"Ndicho," akasema Avgust Lvovich.

"Kuku wangu wangewashtaki."

Gesi ilipomaliza kazi yake wakakitoa kipande. Mama mkwe aliomba akione. Rimma akamshikia kwa kibano, akakisogeza kwenye taa, akakigeuza.

"Sioni kitu."

"Wala sisi," akasema Rimma. "Ndiyo maana kuna mashine."

Mashine ilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wake wazi, nami sikuweza kuinuka, Agnia alikuwa amenishika kwa mdomo na kwa kucha. Nilisikia tu kalamu ikianza kukwaruza karatasi. Kalamu ile ina sauti mbili. Ikichora kilima inakwaruza mfululizo, kama mtu anayefagia. Nilifunga macho nikasikiliza. Ilifagia. Ikafagia. Nikamwinamia Agnia nikaanza kumwambia habari za Suzun, kwamba kuna mto, kwamba kuna vifaranga.

Kisha kalamu ikasita. Ikaruka kidogo, tik, ikafagia tena.

Avgust Lvovich alikuja ukumbini akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, jambo ambalo hulifanya anapotaka kutazama kitu kwa karibu mno.

"Ni dogo," akasema. "Ni dogo sana. Jopo watahitaji miwani ya kukuza."

"Ni kilima?"

"Hapana. Ni ngazi."

Mama mkwe akainyakua karatasi. "Ngazi gani? Mimi naona mstari umepinda."

"Hapo ulipopinda, Klavdia Yegorovna. Hapo ndipo mkwe wako anapopandia."

Akautazama mstari kwa muda mrefu, akaufuata kwa ukucha mpaka pale, akarudi mwanzo, akaufuata tena. Kisha akamrudishia karatasi, akaanza kukunja shali.

"Watakuuliza kwa nini ishirini na mbili," Avgust Lvovich akaniambia.

"Nitawaambia la ishirini na tatu ningelichafua."

"Sema hivyohivyo. Usiongeze." Akateremsha miwani. "Sura ya mwisho iandikwe leo. Nataka niisome kesho asubuhi."

"Leo? Avgust Lvovich, mikono yangu..." Nikamwonyesha kwa kidevu: mkono mmoja chini ya mtoto, mwingine umeshikwa kidole.

"Una mdomo."

Rimma Savelyevna akavuta kiti, akaweka rundo la karatasi magotini, akajaribu kalamu kwenye kiganja chake.

"Haya, sema," akasema. "Na upunguze mwendo, mimi si mashine."

Agnia alikuwa ananyonya macho yamefumba. Nikaanza kusema.